Ni Mvua Ama ni Tetemeko? Hivi Ndivyo Wanasayansi Hujua Nini Kiliangusha Mlima

Hebu fikiria picha iliyopigwa kutoka angani. Mlima ni kijani kibichi, lakini umejaa mistari ya udongo mtupu, kana kwamba mtu ameukwaruza kwa kucha. Kila mkwaruzo hapo ni maporomoko ya ardhi. Chini yake pengine kulikuwa na nyumba, shamba ama barabara.

Swali ni hili: nani aliangusha huo mlima? Ni mvua ama ni tetemeko?

Unaweza kudhani jibu ni rahisi. Kama ilinyesha basi ni mvua, kama ardhi ilitikisika basi ni tetemeko. Lakini wapi! Maporomoko mengi hutokea huko ndani milimani, usiku, mahali hakuna mtu wa kushuhudia. Wengine hugundua kovu miezi kadhaa baadaye wakiangalia picha za setilaiti. Kufikia hapo mvua imenyesha mara ishirini na ardhi imetikisika mara tatu. Sasa utajuaje?

Wanasayansi wa nchi tofauti wamekalia hii stori kwa miaka mingi, na wamefika mbali. Leo tunakuchanua vile wao husoma kovu la mlima, na kwa nini hiyo kazi inaweza kuokoa maisha ya watu, pamoja na wale wako ocha kwenu.

Japani 2018: mwaka mmoja, wauaji wawili

Tuanze na Japani juu huko ndiko hii somo hueleweka haraka.

Mnamo Julai 2018, mvua kubwa ilipiga magharibi mwa Japani kwa siku kadhaa. Mito ilivunja kingo, na milima ya Hiroshima na maeneo jirani ikaanza kushuka ikiwa tope. Zaidi ya watu 200 walifariki katika mafuriko na maporomoko hayo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Septemba 2018, kisiwa cha Hokkaido kule kaskazini kikapigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.6. Ilikuwa saa tisa usiku na dakika chache, watu wako kitandani. Karibu na mji mdogo wa Atsuma, maelfu ya miteremko iliachilia udongo ndani ya muda mfupi sana. Udongo wenyewe ulikuwa tabaka za majivu na mawe mepesi ya volkano, vitu ambavyo havishikani vizuri. Zaidi ya watu 40 walifariki kwenye tetemeko hilo, na wengi wao walikuwa wa Atsuma, wamefunikwa na mlima wakiwa nyumbani.

Na kuna kitu cha kuchanganya kichwa. Siku moja tu kabla ya hapo, kimbunga Jebi kilikuwa kimepita karibu na Hokkaido. Kwa hivyo watafiti walilazimika kuuliza: hii ni kazi ya tetemeko peke yake, ama maji yalikuwa yashaanza kulegeza udongo?

Nchi moja, mwaka mmoja, na milima imeanguka kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ukiweka makovu ya Hiroshima na ya Hokkaido kwenye ramani moja bila kuandika kipi kilisababisha nini, hiyo ramani itakudanganya.

Kwani mlima huangukaje?

Mteremko wowote ni vita kati ya nguvu mbili. Uzito wa udongo unauvuta ushuke chini. Msuguano kati ya chembe za udongo, pamoja na mizizi ya miti, vinaushikilia usiende. Mlima unasimama mradi tu anayeshikilia ana nguvu kuliko anayevuta.

Mvua inamdhoofisha anayeshikilia. Maji yanaingia polepole, yanajaza nafasi ndogo katikati ya chembe, kisha yanaanza kuzisukuma ziachane. Msuguano unapungua. Wakati huo huo udongo umelowa, uzito umeongezeka. Hii kazi inaweza kuchukua saa kadhaa ama siku nzima za mvua, alafu ghafla mlima unaachilia.

Tetemeko halingoji. Linamwongezea nguvu anayevuta. Mawimbi yanapita ndani ya mlima na kuurusha huku na huku kwa sekunde chache. Hata mteremko mkavu kabisa unaweza kuanguka.

Hizo njia mbili huacha alama tofauti. Hapo ndipo upelelezi unaanzia.

Alama ya kwanza: saa

Kitu cha kwanza ni kujua maporomoko yalitokea saa ngapi. Vifaa vya kupima matetemeko husaidia sana hapa, lakini kuna mtego.

Maporomoko makubwa yenyewe hutikisa ardhi. Mamilioni ya tani za mawe zikishuka, vifaa vilivyo mbali vinaweza kuhisi. Ndiyo maana manusura wengi husema, "Tulisikia ardhi ikitetemeka, halafu mlima ukaja." Hawadanganyi, walihisi kweli. Lakini huo mtetemo unaweza kuwa ni mlima wenyewe ukishuka, si tetemeko lililouangusha.

Wataalamu hutofautisha hivi: tetemeko huanza kwa kishindo cha ghafla kwenye mchoro, na mawimbi yake hufika kwa awamu zinazojulikana. Maporomoko huanza polepole, mchoro unanenepa katikati, kisha unafifia, kama sigara iliyochongwa ncha zote mbili. Kwa hivyo ukisikia mtu anadai kijiji kilipigwa na tetemeko, mchoro ndio utasema ukweli.

Alama ya pili: mlima uliachilia wapi?

Hii ndiyo wengi hawaijui, na ni tamu.

Mawimbi ya tetemeko yakipanda mlimani, yanajikusanya kuelekea juu. Mgongo wa mlima hutikisika kuliko bonde, vile ncha ya fimbo hucheza zaidi ukiitikisa ukiwa umeshika upande wa chini. Matokeo ni kwamba maporomoko ya tetemeko hupenda kuanzia juu, karibu na kilele.

Maji nayo hushuka. Hukusanyika chini ya mteremko na kwenye vijibonde, mahali mito hula kingo. Kwa hivyo maporomoko ya mvua hayajibani kule juu kwa kilele. Mengi huanzia chini zaidi, karibu na njia za maji.

Mwaka 2008, Patrick Meunier, Niels Hovius na John Haines walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu zilizotikiswa California, Taiwan na Papua New Guinea. Waliona kwamba mpangilio wa maporomoko unafuata vile mawimbi yalivyotikisa milima, na kwamba vilele vilibeba mzigo mkubwa. Kama wangeangalia nchi moja pekee, mtu angesema ni tabia ya udongo wa huko. Walipoiona kwenye milima iliyo pande tofauti za bahari, ikawa ngumu kubisha.

Alama ya tatu: mtawanyiko

Toka kwa mlima mmoja, uangalie eneo lote. Maporomoko ya tetemeko hujazana karibu na ufa wa ardhi uliovunjika, na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ya mvua hufuata mahali wingu lilimwaga maji mengi. Mnamo Julai 2017, sehemu za Asakura katika Fukuoka, kusini mwa Japani, zilipata zaidi ya milimita 500 za mvua ndani ya saa 24. Milima ya huko ilichanika, na sehemu ambazo mvua hiyo haikufika zikabaki salama.

Ukilaza ramani ya makovu juu ya ramani ya mvua, alafu juu ya ramani ya mtikisiko, moja huwa inaingiana kuliko nyingine.

Alama ya nne: umbo la kovu

Sasa tufike kwa ile risto ya kompyuta.

Kamal Rana na Nishant Malik wa Rochester Institute of Technology, Marekani, pamoja na Ugur Ozturk wa Potsdam, Ujerumani, walijiuliza kitu: je, tukipewa tu mchoro wa mipaka ya kovu, bila saa, bila ramani ya mvua, tunaweza kusema nini kiliangusha mlima?

Walichukua data kutoka Japani, juu Wajapani wana rekodi safi. Zilikuwa orodha sita za maporomoko, zingine za matetemeko, zingine za mvua. Kwa kila kovu walipima vitu rahisi: ukubwa wa eneo, urefu wa mzingo, upana, na vile umbo limerefuka ama limejibana. Kisha wakaifundisha kompyuta kwa mbinu inayotumia "miti" mingi ya maamuzi. Kila mti unaangalia vipimo na kupiga kura: hii ni mvua, hii ni tetemeko. Kura nyingi zikishinda, hilo ndilo jibu.

Utafiti huo ulitoka 2021. Wastani wa usahihi ulikuwa kati ya asilimia 67 na 92, kutegemea walifundisha kompyuta na data gani na kuijaribu kwa data gani. Kwa jumla, tope lililosukumwa na maji huchora njia nyembamba na ndefu likifuata mkondo, na maporomoko ya tetemeko mara nyingi hujibana zaidi. Mwaka 2022 waliweka mbinu zao kwenye programu inayoitwa Landsifier, ambayo watafiti wengine wanaweza kuitumia bila kulipa.

Asilimia 67 si kitu cha kuringia, na wao hawakuificha. Inamaanisha katika majaribio mengine kompyuta ilikosea karibu mara moja kwa kila tatu. Ndiyo maana umbo peke yake halitoshi. Mpelelezi mzuri huchukua alama zote nne, akaziweka mezani pamoja.

Sawa, lakini inasaidia nani?

Hapa ndipo mambo huwa serious.

Maonyo ya maporomoko katika nchi nyingi hutegemea kiwango cha mvua. Wataalamu huangalia historia: mlima huu ulianguka baada ya mvua kiasi gani? Wakishapata hicho kiwango, kikifikiwa tena, watu wanaambiwa watoke. Sasa fikiria kwenye hiyo historia kuna maporomoko 300 yaliyoletwa na tetemeko, lakini yameandikwa kama ya mvua. Hesabu itasema mlima huanguka hata kwa manyunyu. Watu wataambiwa wahame kila wiki, hakuna kinachotokea, na ile siku ya hatari yenyewe hakuna mtu atasonga.

Pia kuna suala la mahali. Ukiogopa mvua, unahofia zaidi nyumba zilizo bondeni na kwenye midomo ya vijito. Ukiogopa tetemeko, lazima uangalie pia nyumba na barabara za kwa mgongo wa mlima. Ramani iliyochanganya hivyo viwili inaweza kumtoa mtu mahali salama ikampeleka kwa hatari.

Tofauti ya tatu ni muda. Mvua inaweza kutabiriwa kwa saa ama siku. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia tetemeko litapiga kesho saa ngapi. Kwa mvua, unaweza kuwekeza kwa onyo. Kwa tetemeko, lazima uwekeze mapema kwa kujua ni wapi si pa kujenga.

Wakati wote wawili wana hatia

Kesi ngumu zaidi ni zile ambazo tetemeko linaanza kazi na mvua inaimaliza.

Taiwan walijifunza hii kwa uchungu. Tarehe 21 Septemba 1999, tetemeko la Chi-Chi la ukubwa wa 7.6 liliua zaidi ya watu 2,400. Milima mingi iliporomoka siku hiyo, lakini mingine ilipata nyufa tu, ikabaki imesimama. Kimbunga Toraji kilipokuja 2001, mvua yake ilikuta milima imelegea na mabonde yamejaa vifusi. Watafiti wa Taiwan na wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipopima udongo uliobebwa na mito baada ya tetemeko, walikuta umeongezeka sana.

Japani imeona hayo majuzi. Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilipiga rasi ya Noto na kuangusha milima. Watu wakaanza kujipanga tena. Kisha tarehe 21 Septemba mwaka huo huo, mvua kubwa ikamwagika Noto ile ile, na mito na miteremko ikashuka tena. Zaidi ya watu 10 walifariki.

Hapo utamlaumu nani? Jibu la wanasayansi ni kwamba lazima urekodi wote wawili. Ndiyo sababu Japani, baada ya tetemeko kali, hushusha kwa muda kiwango cha mvua kinachotosha kutoa onyo katika sehemu zilizotikiswa. Mvua ambayo mwaka jana haikuwa kitu, mwaka huu inaweza kuangusha mlima.

Kwa nini hakuna nchi inaweza kufanya hii kazi solo

Matetemeko makubwa hayatokei kila mwaka mahali pamoja, na hiyo ni baraka. Lakini kwa mtafiti ina maana kwamba nchi yake pekee haiwezi kumpa mifano ya kutosha. Kompyuta iliyofundishwa na milima ya Japani tu haijui mlima wa Nepal. Lazima watu wabadilishane data.

Nepal ilipopigwa na tetemeko la Gorkha la ukubwa wa 7.8 tarehe 25 Aprili 2015, takriban watu 9,000 walifariki. Barabara za milimani zilikatika na msimu wa mvua ulikuwa karibu. Wanasayansi wa kujitolea kutoka nchi kadhaa waligawana picha za setilaiti na kuchora maporomoko 4,312. Baadaye, kwa picha bora na muda zaidi, watafiti wengine walihesabu karibu 25,000. Ile orodha ya kwanza haikuwa ya bure, ilikuwa ya haraka. Na kuchora kabla ya mvua za msimu kuanza ndiko kulisaidia kutenganisha makovu ya tetemeko na yale yaliyokuja baadaye.

Pia kuna mkataba wa kimataifa wa mashirika ya anga za juu, ambao umefanya kazi tangu 2000. Janga kubwa likitokea, nchi zenye setilaiti hutoa picha bila malipo kwa nchi iliyoathirika. Na mawingu yakifunika, kuna setilaiti za rada kama Sentinel-1 ya Ulaya ambazo huona kupitia mawingu, mchana ama usiku.

Na huku kwetu je?

Kwa Wakenya, mshukiwa mkuu ni mvua. Novemba 2019, maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40 baada ya mvua kubwa ya usiku. Mwanzo wa Novemba 2025, Chesongoch kule Elgeyo Marakwet ilipoteza zaidi ya watu 20, tena usiku, tena mvua. Bududa nchini Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, imezika watu mara kadhaa, na Machi 2010 ilikuwa mbaya sana.

Lakini usisahau tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 lilipiga Subukia na kupasua ardhi. Siku hizo wakazi walikuwa wachache. Leo miteremko hiyo imejaa mashamba, shule na maboma.

Upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, hatari zote mbili zinakaa pamoja. Bukavu ilitikiswa vibaya na tetemeko la Februari 2008, na mvua za huko hazichezi. Watafiti wa jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda kuchora maporomoko ya eneo hilo. Huko Bukavu, utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba mtaa wa Funu, uliojengwa juu ya maporomoko ya zamani yanayosonga polepole, unasonga kasi zaidi kwa sababu ya ujenzi wenyewe. Kwa hivyo kuna mshukiwa wa tatu, na ni sisi.

Na si lazima uwe na digrii kusaidia. Katika milima ya Rwenzori, Uganda, wakazi wamefunzwa kurekodi majanga kwa simu: mahali, tarehe, picha na kilichotangulia. Hiyo tarehe ndiyo setilaiti mara nyingi hukosa.

Kaa rada

Ukiwa unaishi kwenye mteremko ama chini yake, shika haya:

- Nyufa mpya ardhini ama ukutani, miti ama nguzo zinazoanza kuinama, na mlango ambao ghafla haufungi vizuri ni ishara kwamba ardhi inasonga.
- Kijito kikibadilika ghafla kuwa tope, ama maji yakipungua wakati mvua bado inanyesha, pengine kuna udongo umeziba huko juu. Toka upesi, uende pembeni na juu, usifuate bonde.
- Ukihisi tetemeko ukiwa milimani, jikinge, na likitulia ondoka kwenye mteremko. Mitetemo midogo hufuata.
- Baada ya tetemeko, ogopa mvua za miezi inayofuata hata kama ni za kawaida.
- Mkipatwa na maporomoko, mkiwa salama, andikeni saa, siku ngapi ilikuwa imenyesha, na kama ardhi ilitikisika kabla. Mpe chifu ama maafisa wa kaunti.

Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo. Lakini kovu bila tarehe ni kesi bila shahidi, na kesi kama hiyo ndiyo huingia kwenye ramani ikiwa imeandikwa vibaya.

Kwenu ocha kuna mteremko uliowahi kuanguka? Hebu uliza wazee: ilikuwa mvua ama ardhi ilitikisika kwanza? Alafu uandike jibu mahali halitapotea.